Praima ya kijivu ya zinki fosfeti: maoni ya fundi wa mageti, Kisumu

Kwa mafundi wenzangu mnaochomelea mageti na stendi za matangi hapa Kisumu: ile praima (rangi ya kwanza inayopakwa kwenye chuma) ya kijivu yenye zinki fosfeti ni nzuri, na kwa kazi za nje sinunui nyingine tena. Bei iko juu ya redi oksaidi, ile praima nyekundu ya kawaida. Mteja atauliza kwa nini, na inafaa uwe na jibu.

Redi oksaidi ni oksidi ya chuma tu. Inafunika na inashika vizuri, lakini haipigani na kutu. Zilizokuwa zikipigana ni praima za zamani: ile ya rangi ya chungwa yenye madini ya risasi, na ile ya manjano yenye kromati ya zinki. Kazi zilifanya kweli. Ila risasi huharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo, na kromati huleta saratani ya mapafu. Siku hizi kiwango cha Kenya hakiruhusu risasi kuzidi sehemu 90 kwa milioni kwenye rangi, lakini mageti ya zamani bado yapo, na sisi ndio tunaoyapiga grainda. Vumbi lile linanasa kwenye ovaroli, tunafika nalo nyumbani, na watoto wanakimbia kutukumbatia. Sitaki geti ninalotengeneza leo limletee fundi wa kesho vumbi kama hilo.

Zinki fosfeti hufanya kazi polepole. Unyevu ukipenya kwenye rangi, chembe zake huyeyuka kidogo mno, fosfeti ikashikana na chuma kinachoanza kuliwa, ikaacha utando usioyeyuka, mahali pale pale kutu ilipotaka kushika. Nilipaka vipande viwili vya bati zito, kimoja redi oksaidi na kingine hii ya kijivu, vyote vikapata rangi ile ile ya juu. Nikavikwaruza kwa msumari hadi chuma kikaonekana, nikaviegemeza nyuma ya karakana mvua ya masika ivinyeshee. Kwenye redi oksaidi kutu ilitambaa chini ya rangi pande zote mbili za mkwaruzo; ukiingiza ukucha, rangi inabanduka kama ganda la ndizi. Kwenye ya kijivu, mkwaruzo wenyewe ulipata wekundu, lakini pembeni rangi imeshika. Ukucha hauingii.

Sasa taabu zake. Unga hutuama chini ya kopo ukawa mzito. Koroga kwa kijiti bapa mpaka usikie kinateleza chini, la sivyo utapaka mafuta matupu na unga ubaki kwenye kopo. Tyubu mpya ya chuma huja na mafuta, kwa hiyo ifute kwa thina kwanza. Viungo vya kuchomelea piga brashi ya waya hadi ving'ae, kisha vipake mara mbili, maana kutu huanzia hapo. Asubuhi karibu na ziwa chuma huwa na umande, subiri kikauke. Na usiiache bila rangi ya juu ukidhani imetosha. Yenyewe haihimili jua na mvua kwa muda mrefu.

Jambo moja muuzaji hakuniambia. Kopo limeandikwa kwamba halina risasi wala kromati, lakini geuza upande wa pili: kuna alama ya samaki aliyekufa na mti mkavu. Zinki fosfeti haimdhuru mtu kama zile za zamani, ila ni sumu kwa viumbe vya majini. Kwa hiyo ukiwa na kazi Dunga au popote ufuoni, tafadhali usioshe brashi ziwani wala kwenye mtaro unaoelekea huko. Mabaki mimi huyamalizia kwenye vipande vya chuma vya akiba. Thina nayo bado ni thina, paka mahali penye hewa.

Kwa grili za ndani, ambazo mvua haizifikii, redi oksaidi inatosha. Mwokolee mteja pesa yake.