Intaneti na TV ya miezi miwili Mtwara: swali la kumuuliza muuzaji kabla hujatoa hela

Mwaka jana nilikwenda Mikindani kumuuguza shangazi, miezi miwili tu. Kazi zangu zinataka intaneti kila siku, kwa hiyo kabla sijapanda basi nilipitia Kariakoo nikanunua ruta ya kuchomeka kwenye umeme. Nikamuuliza muuzaji, "Inakubali laini zote?" Akaniambia, "Zote, dada."

Nimefika, mtandao wa kampuni iliyotoa ile ruta unakatikakatika nyumba nzima. Nikaweka laini ya mtandao ambao jirani anautumia bila shida. Ikawaka taa nyekundu, na ruta ikadai namba ya kufungulia. Ilikuwa imefungwa mtandao mmoja. Dukani nilipopiga simu nikaambiwa bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi.

Spidi na idadi ya antena wauzaji wataku­imbia wenyewe. Wewe shika hili la kufungwa, maana mgeni hajui mtandao gani unashika nyumba atakayofikia. Nenda dukani na laini mbili za kampuni tofauti, zote zimesajiliwa kwa jina lako. Muuzaji aiwashe ruta, weka ya kwanza, fungua ukurasa wowote, kisha weka ya pili. Akikataa kuiwasha, toka.

Namba moja kwangu ni MiFi, yaani ruta ndogo ya kubeba yenye betri, ya TP-Link, M7200, na nasema wazi kwamba naipendelea. Hakikisha ni ile ya dukani isiyotolewa na kampuni ya simu. Ina betri ya 2000mAh inayodumu kwa kama saa 8, na inabeba vifaa 10. Umeme ukikatika unaendelea na kazi, wakati ruta ya kuchomeka inazimika papo hapo. Pale Mikindani nyumba nyingi za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, kuta nene kweli, mawimbi hayapenyi. MiFi unaiweka dirishani, wewe unakaa ndani. Kama unakaa wiki tatu, nunua bando la wiki mara tatu, usilipie mwezi.

Ya pili ni simu yako kuwasha hotspot. Inatosha kwa siku chache, ila simu inachemka na betri inaisha.

Ruta ya kuchomeka ya kampuni ya simu naiweka ya tatu. Faiba ya TTCL, intaneti ya waya, ni nzuri kwa anayehamia. Wa miezi miwili aichukue tu kama nyumba inayo tayari.

Kwenye TV mimi ni Azam. Ligi Kuu yetu iko huko, na Namungo wakicheza pale Ruangwa siwezi kukaa bila kuwaona. Lakini usinunue king'amuzi kipya! Beba cha nyumbani kwako pamoja na kadi yake, kisha huko mlipe fundi tu. Kabla ya hapo muulize mwenye nyumba dishi lililopo juu ya paa ni la nani, kwa sababu dishi la Azam na la DStv hayaelekezwi setilaiti moja, na fundi akiligeuza utalipa kuligeuza na siku ya kuondoka utalipa kulirudisha. Lipia kifurushi siku dishi likishashika, maana siku zinahesabiwa hata kama hutazami. DStv ni kwa anayetaka mpira wa Uingereza. StarTimes ni nafuu, basi.

Kinachoniuma ni bei za maduka ya Mtwara mjini. Mwezi wa kumi, minada ya korosho ikianza na watu wakishika hela, MiFi ileile inapanda, na ukiuliza jibu ni "mzigo umetoka Dar, dada." Mwezi wa tano haukutoka Dar? Nauli ya mzigo tutalipa, hatukatai. Ila ruta iliyofungwa mtandao mmoja iandikwe hivyo juu ya boksi, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo shangazi yangu anaweza kuzisoma bila miwani.