Kaunta ya jiko uweke jiwe gani: nimeyapanga kuanzia la kwanza mpaka lile la kuachana nalo

Kwenye ukarabati wa jiko kitu kinachomeza hela nyingi kwa mara moja ni kaunta, na cha kusikitisha ndo kitu ambacho watu wengi wanakichagua kwa picha ya kwenye simu. Unafika yadi unamwonyesha muuzaji jiko jeupe pee la huko Ulaya, anakwambia "hiyo ipo bosi, leo leo unaondoka nayo", unalipa, afu miezi michache mbele una doa la binzari katikati ya kaunta na hakuna sabuni inayolitoa. Jiko letu sio la kupasha chakula. Kuna ndimu, kuna ukwaju, nyanya, siki, mafuta ya mawese, kuna sufuria ya ugali inatolewa motoni na kutuliwa popote penye nafasi, kuna mtu anatwanga kitunguu saumu. Kwa hiyo huu mpangilio wangu nimeupanga kwa kuangalia nani anavumilia hayo yote, uzuri wa picha nimeuweka nyuma kabisa.

Namba moja bila kusitasita ni granaiti ya rangi iliyokolea: nyeusi, kijivu nzito, kahawia. Kisu hakiikwaruzi, ukikatia nyama juu yake kisu ndo kinachokuwa butu. Ndimu haiifanyi kitu. Sufuria ya moto inakaa, ingawa kama unatua sehemu ile ile kila siku tandika kitu chini, hasa karibu na tundu la sinki ambapo jiwe ni jembamba. Lile jiwe la Bismarck pale Mwanza ni granaiti, na mawimbi ya Ziwa Victoria yanalipiga miaka nenda rudi, sasa wewe na sufuria yako utalifanya nini. Nyingi zinazouzwa yadi zinatoka India na China. Ile nyeusi yenye vumbi kama la dhahabu ndani, Black Galaxy, inachimbwa jimbo la Andhra Pradesh huko India, na ile ya kahawia yenye madoa meusi, Tan Brown, inatoka jirani yake Telangana. Zote mbili ni chaguo zuri kwa jiko linalopika kweli kweli.

Lakini sasa sio kila kinachoitwa granaiti nyeusi ni nyeusi ya kuzaliwa, zipo zilizopakwa rangi, ni jiwe la kijivu limepakwa dawa likawa jeusi tii na baada ya muda linaanza kupauka pale unapofuta sana. Njia ya kulijua ni rahisi, chukua kitambaa cheupe, kitie asetoni ya kutolea rangi ya kucha, sugua sehemu ya pembeni au nyuma ya slabu (lile bapa zima la jiwe kabla halijakatwa), kitambaa kikitoka na weusi aga uondoke. Jaribio la pili ni maji. Mwaga maji kidogo juu ya jiwe kavu, piga stori na muuzaji kama robo saa, afu futa. Pakiwa pamebaki na kivuli cheusi ujue jiwe linakunywa, na linalokunywa maji litakunywa na mafuta. Jiwe linalokunywa sio kwamba halifai, linataka kupakwa sila, yani dawa ya kuziba vitundu vya jiwe, kabla ya kuanza kutumika na kurudiwa kila maji yanapoanza kuzama tena, ila muuzaji akwambie mwanzo na bei ishuke. Granaiti nyeupe na za krimu nyingi ziko hivi, ndo maana sijaziweka pamoja na hizi nyeusi.

Tazama na mgongo wa slabu. Ukikuta wavu umegandishwa kwa gundi, uliza kwa nini. Mara nyingi ni kwa sababu jiwe ni dhaifu au lina mistari ya kupasuka na wavu ndo unalishikilia. Kwenye unene, ziko za milimita 18 au 20 na ziko za 30. Ya 20 kama inakaa juu ya zege au kabati imara inatosha kabisa, ya 30 chukua kama kuna sehemu inatokeza nje ya kabati, mfano ile ya kukaa na viti virefu. Na kuna wanaochukua ya 20 wakabandika ukanda mwingine chini ya ukingo wa mbele ili ionekane nene, hiyo sio utapeli ni kazi nzuri ikifanywa vizuri, ila usiuziwe kwa bei ya 30.

Namba mbili naweka terazo, na najua wengi watashangaa. Nyumba zetu nyingi kaunta ya jiko ni tofali na zege lililomwagwa, yani tayari una kitako imara, na fundi wa terazo anamwaga hapo hapo juu sementi nyeupe na chipsi za marumaru, inaachwa ikomae siku kadhaa, inasagwa kwa mashine na maji mpaka inang'aa. Haina maungio, inapita kona zote kama kitu kimoja, rangi unachagua mwenyewe, na kwa kawaida hela yake ni ndogo kuliko granaiti. Udhaifu wake ni mmoja mkubwa: sementi na chipsi za marumaru vyote vinaliwa na asidi, kwa hiyo ndimu ikimwagika inafutwa saa hiyo hiyo, na sila ni lazima. Pia wakati wa kusaga kuna tope jeupe linaruka hadi dirishani, kwa hiyo fanya kabla ya kupaka rangi ya mwisho na kabla ya kuleta milango ya kabati.

Namba tatu kwatzi, ile ya kiwandani. Hii sio jiwe lililokatwa mlimani, ni kokoto na unga wa kwatzi karibu asilimia 90 kwa uzito, zimeshikanishwa na resini, yani aina ya plastiki. Uzuri wake hainywi kitu, haitaki sila, na kama moyo wako uko kwenye kaunta nyeupe isiyokunywa basi hii ndo jibu lako. Tatizo ni hiyo resini. Sufuria iliyotoka motoni inaiunguza, inaacha alama ya mduara ya njano ambayo haitoki, na jua nalo linaifanya ianze kuwa ya njano, kwa hiyo usiiweke kwenye jiko la nje au barazani.

Na kuna jambo la vumbi ambalo naomba mlisome taratibu. Mtu akikata kwatzi ya kiwandani kavu kavu kwa grainda, lile vumbi jembamba lina silika nyingi mno, linaingia kwenye mapafu na halitoki, linasababisha ugonjwa unaoitwa silikosisi ambao hauna dawa ya kuuponya. Australia waliona vijana wao wa mawe wanaumia kiasi kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2024 wamepiga marufuku kutengeneza, kuuza na kufunga hizo slabu. Granaiti nayo ina silika, ni kidogo kulinganisha, kwa kawaida haifiki nusu, lakini ipo. Kwa hiyo jiwe lolote utakalonunua weka sharti kabisa kwenye makubaliano: kukata ni karakana kwenye mashine ya maji, na hapo nyumbani kama kuna kurekebisha kidogo basi mtu anamwagilia maji na fundi amevaa barakoa ya kazi, sio fulana aliyojifunga puani. Yule kijana anayekaa nje ya geti lako kazungukwa na wingu jeupe ana watoto nyumbani. Kama karakana haina mashine ya maji tafuta nyingine, hata kama bei yao ni tamu.

Namba nne ni slabu kubwa za porselini, zile zinazochomwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Kwa moto, kwa ndimu, kwa jua, hazina mpinzani. Zimeshuka namba kwa sababu kingo zake zinameguka ukigonga na sufuria nzito, na mafundi wenye vifaa vya kuzikata bila kuzipasua ni wachache, slabu ikipasuka mkononi mwa fundi ugomvi unaanza nani analipa. Ukimpata fundi wa uhakika ipandishe mpaka namba mbili.

Namba tano marumaru, hapa nasema jiwe lenyewe, sio tailizi. Ni zuri kuliko yote, nakubali. Lakini ni laini, kisu kinalikwaruza, na ndimu ikilidondokea inakula ule mng'ao na kuacha kivuli kilichofifia, na sila haizuii hilo maana sio doa lililozama, ni jiwe lenyewe limeliwa. Liweke bafuni kwenye beseni la kunawia.

Ya mwisho kabisa ni nanoglasi, ile nyeupe kama maziwa inayong'aa hadi unajiona sura. Inavutia sana yadi, na ndo inayowaliza watu. Ni kioo. Ukitua kitu cha moto sana inaweza kupasuka, kona zikigongwa zinabanduka vipande vyenye makali, na mkwaruzo mmoja unaonekana kutoka mlangoni. Kama hela ni ndogo ni bora uchukue tailizi za porselini za 60 kwa 60, maana kaunta ina upana wa sentimita 60 kwa hiyo unapata maungio machache, ujaze kwa grauti ya epoksi isiyoshika uchafu, ujipange kwa granaiti baadae.

Sasa jiwe umeshachagua, hapo umemaliza nusu. Nusu nyingine ni ufungaji, na jiwe zuri kwa fundi mbovu linaharibika siku moja.

Vipimo vya mwisho vinachukuliwa kabati zikishafungwa na kupimwa kwa pima maji, sio kwenye ramani wala kwenye kabati la zamani ambalo halijabomolewa. Kuta zetu za tofali hazina kona ya nyuzi 90 kamili, mtazame fundi anayejua kazi: anakuja na boksi au plaiwudi nyembamba, analaza juu ya kabati, anaisukuma mpaka iguse ukuta, anachora pale ukuta unapoingia na kutoka, anakata, anarudisha tena, anaandika "juu" na "mbele" kwa kalamu, ndo anaenda nayo karakana. Anayekuja na futi tu akaandika namba mbili kwenye kiganja, muulize kona ataijuaje.

Tundu la sinki ndo sehemu jiwe linapopasukia. Kona zake ziwe za mviringo, zinatobolewa kwanza kwa biti ya duara afu ndo zinaunganishwa kwa kukata, kwa sababu kona kali ndo ufa unapoanzia. Na kile kipande cha mbele ya sinki kiachiwe upana wa kutosha, kikiwa chini ya sentimita 5 mimi nakataa. Ungio la jiwe lisiwe juu ya tundu la sinki, fundi akikwambia "haina shida mama, tutaliziba na gundi", mjibu "fundi, lisogeze".

Usafiri nao. Slabu inasafiri imesimama kwa ubavu, imefungwa kwenye fremu, haisafiri imelala chali juu ya guta au kirikuu huku inaruka mashimo. Jiwe la milimita 20 lina uzito wa karibu kilo 54 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo kaunta ya kawaida tu ni zaidi ya kilo 100, waandae watu wa kubeba na hakikisha kabati zimekaa sawa kabla. Ukutani na kwenye sinki itumike silikoni isiyonuka siki, ile inayonuka siki ina asidi na inaweza kuharibu jiwe, hasa la marumaru. Tailizi za ukutani zinabandikwa baada ya jiwe, zikae juu yake, sio kabla.

Kwenye bei kuwa macho na kipimo. Yadi moja inataja kwa mita ya urefu, nyingine kwa mita ya mraba, na ukizilinganisha hivyo hivyo unajidanganya. Mfano jiko lenye umbo la L, upande mmoja mita 3 na mwingine 2, upana sentimita 60: kona usiihesabu mara mbili, kwa hiyo urefu ni 3 jumlisha 1.4 sawa na mita 4.4, mara 0.6 unapata mita za mraba 2.64. Hiyo ndo namba ya kwenda nayo kila yadi. Afu uliza kama bei ina kukata, kung'arisha ukingo, tundu la sinki, tundu la jiko, usafiri na kufunga, maana kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuja kama "nyongeza" siku ya mwisho. Ichague slabu yenyewe kwa macho, iandike jina lako nyuma, ipige picha, sio uchague kisampuli cha kiganja. Lipa kwa awamu, na awamu ya mwisho itoke baada ya maji kupita kwenye sinki na umepitisha mkono kwenye ungio ukaona hakuna ngazi.

Na kile kipande kilichotoka kwenye tundu la sinki ni chako, umeshakilipia, usikubali kibaki karakana. Mwambie fundi akisage kingo pande zote nne, upate kibao cha kusukumia chapati, unga haugandi juu yake kama kwenye mbao.