Betri ya mashua: uliza umri kabla ya jina

Tangu kaskazi ianze, malalamiko yanayonifikia hapa Mombasa ni ya aina moja. Nahodha wa mashua ya watalii Mtwapa, mzee mwenye dau lake la kuvulia, mama anayekodisha boti ya tanga Tudor: wote wamenunua betri mpya, wametoa hela ya maana, na kabla mwaka haujaisha taa ya mlingotini inafifia ikigonga saa tatu usiku. Kila mmoja anataka nimtajie betri nzuri. Nitaitaja, tena sitaficha ninayoipenda. Lakini nikiwauliza betri yao ilitengenezwa lini, kimya.

Ampea ngapi, upana gani, uzito gani, hayo muuzaji atakwambia hata hujamuuliza. Umri hausemi. Betri ya risasi hujimaliza chaji yenyewe ikiwa imekaa tu, na joto huizidishia kasi. Ikikaa na chaji ndogo, salfeti, yaani chembe za chumvi ya risasi, huganda kwenye mabamba yake, na ikishakuwa ngumu chaja haiitoi tena. Hesabu ya mafundi ni kwamba ukipita nyuzi 25, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata maisha ya betri nusu. Sasa fikiria stoo ya mabati Mwembe Tayari mwezi wa Februari. Betri iliyolala humo mwaka na nusu upya wake uko kwenye risiti peke yake.

Kwa hivyo ukifika dukani, kabla ya bei, tafuta tarehe. Kampuni nyingi huiandika kwa herufi na tarakimu: A ni Januari, B ni Februari, hivyo hivyo hadi L ya Desemba, na tarakimu ni ya mwisho ya mwaka. C4 ni Machi 2024. Ikiwa ipo kwenye kibandiko, kiangalie kama kimekwanguliwa. Juzi nilishikishwa betri iliyofutwa vumbi ikang'aa, vichwa vimepakwa grisi nzito. Nikaipangusa grisi kwa kidole gumba, herufi ikatokea, na mwaka wake ulikuwa wa mbali. Kijana wa duka akaniambia, "Mama, hiyo ni namba ya kiwanda tu, usiijali." Nikamwambia aniletee nyingine. Akaleta ya tarehe ile ile.

Halafu nenda na mita yako. Betri iliyopumzika na kujaa inasoma kama volti 12.6 au 12.7. Chini ya 12.4, iache hapo hapo, hata wakikwambia "itajazwa usiku utaipata kesho." Kuijaza usiku ndio ujanja wenyewe, kwa sababu asubuhi itasoma vizuri na salfeti iko palepale. Dawa yake ni kubeba taa ya gari ya wati 55, uiunge kwa dakika kumi huku ukitazama mita. Betri nzima ya ampea-saa 100 hushuka kidogo kisha inatulia. Ikiendelea kuteremka, mrudishie mwenyewe. Muuzaji atanuna. Mwache anune.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Trojan T-105, na hapa sijidai kuwa hakimu. Ni za volti 6, ampea-saa 225, kwa hivyo unaunga mbili kwa mfululizo upate 12. Kila moja ina kilo kama 28, utamhitaji mtu wa kukusaidia kuziteremsha ngamani, chini kabisa tumboni mwa mashua. Ninazipenda kwa sababu hazifichi kitu. Tarehe imegongwa kwenye risasi yenyewe, si karatasi ya kubanduliwa. Vifuniko vinafunguka, unaingiza haidromita, kile kipimo cha asidi, chumba kimoja kimoja, na chumba kilicholala unakijua siku hiyo hiyo. Mabamba ni mazito, yametengenezwa kwa kutumika usiku kucha na kujazwa mchana. Kazi yake ni kuongeza maji yaliyotoneshwa (ya bomba hapana, wala ya kisima), kuzifunga kwa mikanda ili mashua ikilala upande zisihame, na kuziachia tundu la hewa, maana zikichajiwa hutoa haidrojeni. Maji ya bahari yakizifikia hutoa klorini, na hiyo si hewa ya kuvuta ukiwa chini ya sitaha. Kwa hivyo ziweke chini, lakini juu ya mahali maji ya ngama yanapofika.

Ya pili ni lithiamu ya fosfeti. Nakiri kwamba kwa ugonjwa huu wa umri ndiyo salama zaidi: haina salfeti, na betri ya ampea-saa 100 ina kilo kumi na kitu tu. Lakini bei yake! Na injini yako ikiwa na altaneta (ile inayochaji betri) ya kawaida, lithiamu huvuta umeme kwa pupa hadi altaneta inaungua, kwa hivyo bei ya betri ni mwanzo tu, bado kidhibiti cha kukaa kati ya altaneta na betri. Mwenye friji ya samaki na sola nzuri, anunue. Wengine tusubiri.

Ya tatu ni AGM, betri ya risasi ambayo asidi yake imenywewa na mkeka wa nyuzi za kioo. Haimwagiki hata mashua ikilala, na ndiyo sifa yake kubwa. Ubaya ni kwamba imefungwa kabisa, huwezi kuichungulia ndani, na joto letu hailipendi. Ukiinunua, kile kipimo cha taa ya gari usikiruke.

Betri ya gari ni ya kuwashia injini. Mabamba yake ni membamba, taa za usiku zitaiua.

Ukishapata betri, usiifunge kwa waya wa nyumba. Waya wa shaba tupu ukipigwa na hewa ya chumvi huwa mweusi ndani ya ganda, unaukata unakuta umeoza mbali na ulipoungwa. Tafuta wa nyuzi nyingi uliopakwa bati. Unene nao si mapambo: ampea 10 kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, mita tano kwenda na tano kurudi, unapoteza karibu volti 0.7. Ukitumia wa 6 unapoteza chini ya 0.3. Fyuzi ya kichwa cha chanya isizidi shibiri moja kutoka kwenye betri. Na pampu ya ngama iwe na fyuzi yake peke yake, moja kwa moja, ili ukizima swichi kuu ukaenda zako nyumbani pampu isizimike nawe.

Lililobaki ni bei, na hapa nina la moyoni. Ukitaja mashua tu, bei inapanda. Betri ile ile niliyoiulizia kama ya sola ya nyumbani ilipata kibandiko cha nanga nilipouliza ya boti, na shilingi zikaongezeka. Dhamana nayo huhesabiwa tangu siku ya risiti, lakini ukirudi nayo imekufa utaambiwa ulichaji vibaya. Wakuandikie kwenye risiti herufi na tarakimu za betri, na volti ulizozipima mbele yao, kisha wapige muhuri. Duka lisilokubali kuandika hivyo, toka.

Betri kuukuu usimpe anayepita na mkokoteni akinunua kwa kilo. Wa Mombasa tunajua risasi yake huishia wapi. Mtaani Owino Uhuru watoto walitiwa sumu na kiwanda cha kuyeyusha betri. Phyllis Omido aliyewapigania akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Irudishe kwa wakala wa kampuni iliyoitengeneza, na umwambie akupunguzie kwenye bei ya mpya. Wengine hupunguza, ila hawasemi mpaka uulize.