Udongo wa kaure wa Southern Ice: mweupe kweli, lakini una maringo

Southern Ice ni kazi ya Les Blakebrough, mfinyanzi mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Australia. Alijifunza kwenye karakana ya Sturt huko Mittagong, akapitia Kyoto, Japani, kisha akakaa Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia. Huko Hobart, mji mkuu wake, miaka ya 1990, ndiko alikoutengeneza udongo huu, ambao sasa unauzwa na Clayworks ya Australia.

Weupe wake hauna ubishi. Ukichomwa kufikia koni 10, kipimo cha wafinyanzi cha joto la tanuri, karibu nyuzi 1280 hadi 1300 za Selisiasi, ukuta wa milimita 2 unapitisha mwanga hadi kivuli cha vidole kinaonekana kwa ndani. Ila kikombe cha kunywea chai kila siku si taa. Ukuta wa milimita 3, na mdomo uliokandamizwa vizuri kwa kipande cha ngozi, ndio utakaodumu kwenye karai la vyombo.

Kwenye gurudumu, usitegemee uvutike kama udongo wa vyombo vizito. Unanyonya maji haraka, na ukiubembeleza mno ukuta unalegea na kukaa chini. Vuta mara tatu au nne, basi. Vidole vilainishwe kwa uji wa udongo huohuo badala ya maji. Acha sehemu ya chini iwe nene, uje uichonge chombo kikishakaza kidogo. Kitako nacho kikandamizwe kutoka pembeni kuja katikati. Kisipokandamizwa, ufa wenye umbo la S utajitokeza kikikauka au ndani ya tanuri.

Kaure haisahau. Bakuli lililobonyezwa likiwa bichi, hata ukilinyoosha likawa duara safi, linaweza kurudi kwenye upinde wake tanurini. Kwa hiyo usilibebe kwa mdomo, linyanyue pamoja na kibao chake. Mkono wa kikombe ndio msumbufu zaidi: ukiwa mbichi kuliko kikombe unasinyaa zaidi, unavuta mdomo na duara linakuwa yai. Ubandike vyote vikiwa na unyevu sawa, kwa uji wenye matone machache ya siki, kisha funika kwa nailoni siku mbili tatu. Katika kuchoma mara ya kwanza, kwa nyuzi 1000 hivi, vikombe viwili vya kipimo kimoja vikikaa mdomo kwa mdomo vinashikana umbo.

Kusinyaa kwa kaure hufika asilimia 12 hadi 16. Kwa asilimia 15, kikombe cha sentimita 8 kinatakiwa kitoke kwenye gurudumu kikiwa na 9.4. Pima kwa kipande chako cha majaribio kabla ya kuchukua oda ya seti nzima, maana sahani zisizolingana na vikombe vyake hazina mnunuzi.

Kwenye joto la juu kitako hung'ang'ania rafu na kumeguka. Paka rafu mchanganyiko wa alumina, unga usioyeyuka kwa joto hilo, na kaolini, udongo mweupe wa kaure, na kitako kiachwe bila glezi, ule mpako unaogeuka kama kioo tanurini. Glezi yenye sodiamu nyingi itapasuka nyufa za nywele. Ongeza silika, unga wa mawe ya kwatzi, kidogokidogo kwenye glezi hadi zikome. Halafu jaribu kama chombo kimeiva: pima uzito wa kikombe kikavu kisicho na glezi, kichemshe saa mbili, kifute, pima tena. Kikombe cha gramu 250 kikiongezeka zaidi ya gramu 1 hivi, bado kinanyonya. Na kipande cha limau kikilazwa juu ya glezi usiku kucha kisiache doa.

Usafi nao una gharama yake. Chembe moja ya kutu inatoa doa jeusi, kwa hiyo vifaa vyake viwe vyake peke yake, na sakafu ipigwe deki yenye maji, isifagiwe, kwa kuwa vumbi la silika linaharibu mapafu.

Kwa karakana ya Nairobi au Dar es Salaam, kikwazo ni usafirishaji: unalipia pia maji, ambayo ni karibu robo ya uzito wa udongo mbichi. Kwa taa na vikombe vidogo vya kahawa, gharama inalipa. Kwa mabakuli ya ugali na sahani za hoteli, hailipi. Nunua kaure yoyote ya bei nafuu inayovutika vizuri. Mwenye subira anaweza pia kuijaribu kaolini ya Pugu, karibu na Dar es Salaam, pamoja na feldispa, madini yanayosaidia udongo kuyeyuka, na silika, akianza na nusu kaolini na robo kwa robo ya hivyo viwili.