Mfupa wa kujengea taya: utoke mguuni au nyongani?

Taya likikatwa kwa sababu ya uvimbe, mfupa wa kujazia pengo mara nyingi hutoka mguuni au nyongani. Fibula, ule mwembamba pembeni mwa muundi, hubeba sehemu ndogo tu ya uzito wa mwili, na daktari huacha sentimita 6 hivi upande wa chini ili kifundo kisiyumbe. Wengi hurudi kutembea vizuri. Yanayobaki ni madogo ila yanakera: dole gumba lisilokunjika sawasawa, kandambili inayochomoka ukikimbilia daladala ya Mbagala.

Nyonga haigusi kifundo, ila siku za mwanzo hata kuinuka kitandani ni kazi, na paja huweza kufa ganzi kwa pembeni. Kipande chake pia kifupi. Pengo refu? Ningechagua fibula. Fundi wa kupanda ngazi kutwa Kariakoo, mwenye pengo dogo, aulizie nyonga kwanza.