Uzoefu wangu: Ngome za Oman za kwenda na kurudi siku moja kutoka Maskati

Sisi watu wa pwani tunaofanya kazi Maskati, kila mgeni akija kutoka nyumbani swali ni lilelile: tumeshaona msikiti mkubwa, tumeshazunguka soko la Mutrah, sasa twende wapi? Jibu langu halibadiliki. Tokeni alfajiri, mshike barabara ya bara, mkaone ngome. Nizwa, Bahla na Jabrin ziko njia moja, na anayetoka mapema huziona zote tatu akarudi mjini kulala. Ikiwa muda ni mfupi au kuna mzee miguu inamsumbua, basi ziacheni mbili, mwende Jabrin peke yake.

Mimi nimezaliwa Mombasa. Fort Jesus tulipelekwa tangu darasa la chini, tukakariri kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwamba Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 na kwamba iliwaangukia mikononi Desemba 1698. Hapo ndipo somo lilipoishia. Wale waliokuja na majahazi kuizingira walikuwa watu gani, waliishi vipi kwao, waligombana na nani, hakuna aliyetusimulia. Nilikuja kuyapata hayo Jabrin, na ndiyo maana naipigia debe kuliko zote.

Jabrin ilijengwa katika miaka ya 1670 na Imamu Bil'arab bin Sultan wa ukoo wa Yaarubi, ukoo wa maimamu waliotawala Oman zama hizo. Ukiitazama kwa nje, jengo refu la rangi ya udongo katikati ya mitende, hutadhani kuna la ajabu. Ingia ndani, kisha inua macho. Boriti za dari zimepakwa maua na majani kwa rangi nyekundu, nyeusi na ya dhahabu, chumba baada ya chumba, na hakuna dari mbili zinazofanana sawasawa. Kuna chumba kinachoitwa cha Jua na Mwezi, chenye madirisha 14: saba chini karibu na sakafu, saba juu karibu na dari. Hewa ya moto hupanda na kutoka kwa yale ya juu, ya ubaridi huingia kwa yale ya chini. Kaa sakafuni karibu na dirisha la chini dakika kumi, nje jua likiwa linachoma, utausikia upepo mwenyewe mgongoni. Nimefanya kazi kwenye majengo ya vioo ambayo kiyoyozi kikizimika watu hukimbilia nje, kwa hiyo chumba kile nakiheshimu sana.

Usipite haraka kwenye ghala la tende. Sakafu yake ina mifereji myembamba iliyopangwa sambamba. Magunia ya tende yalirundikwa juu yake hadi karibu na dari, na uzito wa yale ya juu ukayakamua ya chini. Asali ikatiririka taratibu kwenye mifereji hadi kwenye chombo kilichotegwa mwisho wake. Hakuna moto wala kinu, ni uzito na subira tu. Juu kabisa palikuwa na madrasa, kwa sababu imamu huyo alikuwa mpenzi wa elimu na alitaka wanafunzi wakae ndani ya nyumba yake. Kuna pia chumba cha ghorofani ambacho huambiwa kilikuwa cha farasi wake.

Kisha shuka chini, kwenye kaburi. Bil'arab amezikwa humohumo ndani ya kasri. Nduguye, Saif bin Sultan, alimwasi, akakusanya watu, akamzingira hapo Jabrin, na mwanzoni mwa miaka ya 1690 Bil'arab akafia ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Saif huyo ndiye aliyetawala baada yake, na ndiye ambaye majeshi yake yaliichukua Fort Jesus miaka michache baadaye. Nilipoyaunganisha hayo nikiwa nimesimama mbele ya kaburi, nilihisi historia ya mji wangu imefunguka upande ambao siku zote ulikuwa gizani. Mlinzi mmoja mtu mzima alinisikia nikizungumza na mke wangu, akatusogelea. Nikamwambia, "Shikamoo mzee." Akajibu kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, "Marahaba mwanangu, karibuni. Kwenu Mvita? Basi huyu mliyemzuru ni kaka wa yule aliyefika kwenu." Wazee wa namna hii, waliozaliwa Zanzibar wakahamia Oman, ni wengi, ukipata bahati ya kumkuta mmoja, mwache aseme, usimkatize.

Nizwa ni ya baba wa Bil'arab na Saif, Imamu Sultan bin Saif, aliyewafukuza Wareno Maskati mwaka 1650. Ule mnara wa duara ni mnene ajabu, na sehemu yake ya chini imejazwa udongo na mawe ili ustahimili mizinga. Ngazi za kupandia ni nyembamba na zina kona kali, kila penye kona pana mlango, na juu ya mlango pana tundu. Adui aliyefika hapo alimwagiwa mafuta au asali ya tende iliyochemka. Watoto wangu waliyapenda matundu hayo kuliko kitu chochote. Walisimama chini yake wakitazama juu mpaka watu wakaanza kupanga foleni nyuma yao. Juu ya mnara unaona mashamba ya mitende na milima, na huko hasa ndiko wanakopiga picha. Lakini Nizwa ina watu wengi, na nilipokwenda kiingilio chake kilikuwa kikubwa kuliko cha wenzake. Kama una watoto inafaa sana. Kama unataka utulivu, fika mara tu lango linapofunguliwa.

Bahla nitasema ukweli wangu: ni ya kutazamwa kwa nje zaidi kuliko ndani. Ni mlima mzima wa matofali ya udongo uliojengwa juu ya msingi wa mawe, na ukuta wa mji wake unazunguka mitende kwa kilomita zipatazo 13. UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1987, na mwaka uliofuata ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa kuporomoka. Haikutolewa humo hadi 2004. Kazi ya kuinusuru inastahili pongezi. Ila ndani vyumba ni vitupu, maelezo ni haba, na ngazi ni nyingi. Mama yangu alipanda kidogo akaomba kurudi garini, na sikumlaumu. Simameni ng'ambo ya barabara jua likielekea kuzama, mtaona ukubwa wake wote kwa mara moja.

Kuhusu usafiri, gari la kukodi ndilo bora. Nizwa iko kama kilomita 160 kutoka Maskati kwa barabara nzuri, na Jabrin iko mbele kidogo ya Bahla. Basi la Mwasalat hufika Nizwa, ila kutoka hapo utahitaji teksi. Safari za makundi sizipendekezi. Tulipojiunga na kundi moja, Jabrin tulipewa muda wa kupiga picha tu, dereva akapiga honi tukiwa bado ghorofani, na kaburi hatukuliona. Tulilazimika kurudi wenyewe.

Nendeni kati ya Oktoba na Machi. Miezi ya kiangazi joto hupita digrii 40 na ngazi zitawashinda. Ijumaa asubuhi Nizwa kuna mnada wa mbuzi, wauzaji wakiwazungusha mbuzi mbele ya wanunuzi waliokaa duara, na unafaa kuamkiwa. Lakini siku hiyo ngome nyingi hupunguza saa kwa ajili ya sala, kwa hiyo pigeni simu kwanza. Anayetaka mnada na Jabrin kwa utulivu alale Nizwa Alhamisi.

Mkiwa na siku ya pili, zungukeni upande wa Nakhal, Rustaq na Al Hazm. Nakhal imekaa juu ya mwamba, na karibu yake kuna chemchemi ya maji ya moto ambapo familia huenda kula chakula cha mchana. Rustaq ndiko alikozikwa Saif bin Sultan mwenyewe, na Al Hazm ni ya mwanawe, yenye milango ya mbao iliyochongwa ambayo mtu wa Lamu au Unguja ataikazia macho. Jalali na Mirani, zile za Wareno zilizo pembeni mwa bandari ya Maskati ya zamani, tulizitazama kwa nje tu. Vaeni viatu vyenye soli isiyoteleza, kinamama wasivae viatu vya visigino, na maji mchukue mengi kabla ya kuondoka Nizwa.