Kabati la mjozi kutoka duka la vitu vya kale, Lamu

Muuzaji wa duka moja la vitu vya kale hapa mjini Lamu aliniapia kwamba kabati lake la droo nne, lililotoka Uingereza, ni mbao tupu za mjozi, yaani mti uzaao kokwa ziitwazo jozi. Nililipokea kwa hamali wawili na mkokoteni, nikachomoa droo ya juu na kuigeuza, nikakuta ndani yake msonobari. Mjozi ni ngozi tu, yaani ubao mwembamba uliobandikwa kwa nje.

Nilikasirika, kisha nikatulia, kwa sababu mafundi wa zamani hawakufanya hivyo kwa ubahili peke yake. Mbao zenye mishipa iliyojisokota kama moshi hutoka karibu na mizizi au penye panda za matawi, nazo zikiachwa nene hupinda na kupasuka. Zikipasuliwa nyembamba na kupangwa mbilimbili, upande mmoja huwa kioo cha mwenziwe. Tena mjozi uliadimika Ulaya baada ya baridi kali ya mwaka 1709 kuua miti mingi, na mwaka 1720 Ufaransa ikapiga marufuku kuuza mbao zake nje. Penye ukingo uliobanduka nilipima unene wa ngozi hiyo nikapata karibu milimita 2, dalili kwamba ilipasuliwa kwa msumeno, kwani za viwandani siku hizi hazifiki hata milimita 1. Kona za droo nazo hazina msumari hata mmoja: zimeumana kwa meno yaliyokatwa kwa mkono, mengine mapana, mengine membamba, na bado hazichezi.

Aibu yake ni hewa yetu. Gundi ya ngozi za wanyama hulegea kwa joto na unyevu, na masika ya kwanza tu pembe mbili za ile ngozi ya mjozi zilinyanyuka, huku droo ya tatu ikivimba hata nikawa naivuta kwa mguu mmoja ukutani. Fundi wa mtaa wa Langoni alizirudisha pembe kwa gundi ileile iliyopashwa moto, akakataa katakata kupiga randa droo kabla ya kaskazi kuikausha, na alikuwa na haki. Kasha la msaji la marehemu nyanya, lililo chumba hichohicho, halijawahi kunisumbua.

Nilitajiwa shilingi 95,000, nikalipa 70,000. Ningaligeuza ile droo palepale dukani, nisingalipita 50,000.